Umoja wa Kisovieti ulisukumwa au ulijivunja? Ulinganisho wa maelezo mawili

Tarehe 25 Desemba 1991 Mikhail Gorbachev alijiuzulu urais wa Umoja wa Kisovieti, na jioni ile ile bendera nyekundu ikateremshwa katika Kremlin. Dola lenye maelfu ya silaha za nyuklia, jeshi la mamilioni ya askari na chama kilichotawala kwa zaidi ya miaka 70 lilitoweka bila kuvamiwa na adui wala kushindwa katika vita vikuu. Mwalimu anayefundisha Vita Baridi katika kidato cha tano na cha sita, mwanafunzi anayejiandaa kwa mdahalo, na msomaji wa kawaida anayejiuliza kwa nini China imebaki mikononi mwa chama cha kikomunisti ilhali Urusi haikubaki, wote hufika mahali pa kuchagua: je, dola hilo lilisukumwa na Marekani mpaka likaanguka, au lilivunjwa na mambo yaliyokuwa ndani yake lenyewe?

Uchaguzi huu hauishii darasani. Anayeamini kwamba bajeti ya silaha na vikwazo ndivyo vilivyoiangusha Moscow atatarajia vikwazo viziangushe na serikali nyingine, na atashangaa miaka inapopita bila hilo kutokea. Kwa hiyo ni vema maelezo haya mawili yapimwe kwa vipimo vilevile. Mimi natumia vitatu. Maelezo yanapaswa kueleza wakati, yaani kwa nini mambo yalitokea kati ya 1989 na 1991 wala si 1956 au 1983. Yanapaswa pia kueleza nchi za kikomunisti ambazo hazikuanguka, kwa kuwa sababu inayodaiwa kuiua Moscow, ikiwa ilikuwepo Havana na Pyongyang bila kuua, haiwezi kuwa sababu ya kutosha. Na yanapaswa kueleza namna, yaani kwa nini dola lilipasuka katika mipaka ya jamhuri zake 15, na kwa nini wenye bunduki hawakuzitumia kama walivyozitumia zamani.

Hoja ya shinikizo kutoka nje

Hoja hii mara nyingi husemwa vibaya, kana kwamba Rais Ronald Reagan wa Marekani alitoa hotuba na ukuta wa Berlin ukaanguka. Ikisemwa vizuri ina nguvu ya kweli. Tangu mwaka 1945 madola makuu mawili yalishindana kwa silaha, kwa misaada, kwa propaganda na kwa vita vilivyopiganwa katika nchi za wengine, lakini hayakuingia katika shindano hilo yakiwa sawa. Uchumi wa Marekani ulikuwa mkubwa zaidi kwa mbali. Katika miaka ya 1980 Marekani ilitumia takribani asilimia 6 ya pato lake kwa ulinzi, na makadirio mengi ya wataalamu huuweka mzigo wa Kisovieti kuanzia asilimia 15 kwenda juu. Mshindani wa pili alikuwa akikimbia mbio zilezile kwa kujinyima mara mbili au tatu zaidi, na aliyekuwa akinyimwa hasa ni raia wa kawaida, ambaye viatu vyake, friji yake na nyumba yake vilisubiri mpaka vifaru vimalizike kuundwa.

Juu ya mzigo huo Reagan aliongeza mwingine. Mwezi Machi 1983, katika muda wa wiki mbili na siku moja, aliuita Umoja wa Kisovieti dola la uovu, kisha akatangaza mpango wa kujenga kinga ya kutungua makombora ya nyuklia yakiwa bado safarini, mpango uliohitaji kompyuta, leza na elektroniki za kiwango ambacho viwanda vya Kisovieti havikuwa nacho. Mwezi Novemba mwaka huo makombora ya Pershing II yakaanza kuwekwa Ujerumani Magharibi. Huko Afghanistan, ambako jeshi la Kisovieti liliingia Desemba 1979 na kupoteza askari wapatao 15,000 kabla ya kuondoka Februari 1989, wapiganaji walianza mwaka 1986 kupata makombora ya Stinger ya kutungulia helikopta. Mnadhimu mkuu wa majeshi ya Kisovieti, Nikolai Ogarkov, alikuwa akionya waziwazi kwamba teknolojia mpya ya silaha za Magharibi inawaacha nyuma, na aliondolewa katika wadhifa wake Septemba 1984. Mwaka 1986 tena, bei ya mafuta katika soko la dunia ilianguka kutoka karibu dola 30 za Marekani kwa pipa hadi chini ya 15, na mafuta ndiyo yaliyoipatia Moscow fedha za kigeni za kununulia ngano.

Hakuna mwanahistoria makini anayeweza kuyapuuza haya. Gorbachev alipochukua ukatibu mkuu wa chama tarehe 11 Machi 1985, akiwa na umri wa miaka 54 baada ya viongozi watatu kufia madarakani katika muda usiofika miaka mitatu, alijua kwamba shindano la silaha linakula kila alichotaka kukitumia kuinua maisha ya watu. Katika mkutano wa Reykjavík wa Oktoba 1986 alikuwa tayari kupunguza silaha kwa kiasi kilichowashtua wasaidizi wa pande zote mbili, na mkutano ulivunjika kwa sababu alitaka majaribio ya kinga ile ya makombora yabaki maabara na Reagan akakataa. Mtu anayetaka kuonyesha kwamba Washington iliigusa Moscow pale panapouma ana ushahidi wake hapo.

Lakini tuupeleke ushahidi huo kwenye vipimo. Ikiwa shinikizo ndilo lililoangusha, dola lilipaswa kuyumba pale shinikizo lilipokuwa kali kuliko wakati wowote. Mwaka 1945 nchi hiyo ilikuwa imepoteza watu wapatao milioni 27 katika vita, miji yake ya magharibi ilikuwa magofu, na hadi Agosti 1949 Marekani peke yake ndiyo iliyokuwa na bomu la atomiki. Utawala wa Stalin haukuyumba hata kidogo, bali ulijiongezea Ulaya ya Mashariki. Kati ya 1981 na 1984 Reagan alipokuwa mkali zaidi, Moscow ilijibu kwa kujifungia na kukaza kamba. Shirika la ujasusi la Marekani lenyewe, CIA, lilipopitia upya hesabu zake mwaka 1983, lilikuta kwamba ukuaji wa matumizi ya kijeshi ya Kisovieti ulikuwa umepungua hadi karibu asilimia 2 kwa mwaka tangu 1976, na hauonekani mruko mkubwa wa kumjibu Reagan ambao ungeweza kusemwa ndio ulioifilisi Moscow. Isitoshe, Reagan huyo huyo ndiye aliyeondoa Aprili 1981 marufuku ya kuuza nafaka Urusi iliyowekwa na rais aliyemtangulia, Jimmy Carter, kwa kuwa wakulima wa Marekani walitaka soko lao. Na kufikia Februari 1987 Gorbachev alikuwa ameamua kulitenga suala la makombora ya masafa ya kati na suala la kinga ya Reagan, ndipo mkataba wa kuyateketeza ukasainiwa Desemba mwaka huo. Hofu ya kinga ile ilikuwa imepoa miaka minne kabla ya dola kuanguka.

Kuhusu mafuta, wapo wanaoihesabu bei iliyoanguka kuwa pigo la nje. Mimi nauona utegemezi wenyewe kuwa ndio ugonjwa. Nchi iliyokuwa na udongo mweusi wa Ukraine, mmoja wa ardhi bora za kilimo duniani, ilianza kununua nafaka kwa wingi kutoka Amerika Kaskazini tangu 1963, na hakuna adui aliyeilazimisha kufanya hivyo.

Hoja ya ndani, tawi la kwanza: uchumi

Maelezo ya ndani yana matawi mawili, na watu wengi huchagua lile la uchumi kwa kuwa ndilo linaloonekana kwa macho: foleni, rafu tupu, kuponi za mgao. Ni kweli kwamba uchumi wa mipango ulioanza mwaka 1928 uliweza kujenga viwanda vya chuma, kushinda vita na kurusha chombo cha kwanza angani Oktoba 1957, kwa sababu kazi hizo zilihitaji kukusanya nguvu kubwa mahali pamoja kwa amri moja. Uchumi huo haukuweza kujua mama wa mji wa Kazan anahitaji sabuni gani. Ofisi ya mipango, Gosplan, ilihesabu tani na vipande, na meneja aliyetimiza tani alipata bonasi hata kama bidhaa yake ilikaa ghalani bila mnunuzi. Vishamba vidogo vya familia, vilivyochukua takribani asilimia 3 tu ya ardhi ya kilimo, vilitoa takribani robo ya mazao, na hilo linatosha kuonyesha mkulima alivyofanya kazi alipojua kwamba jasho ni lake.

Hata hivyo, anayesimama kwenye tawi hili peke yake atakwama kwenye kipimo cha wakati. Uchumi wa Kisovieti mwaka 1985 ulikuwa umedumaa, lakini haukuwa ukiporomoka. Ulianza kuporomoka baada ya mageuzi. Kampeni ya kupiga vita pombe iliyoanza Mei 1985 iliinyima hazina sehemu kubwa ya kodi, na sukari ikatoweka madukani kwa sababu watu waliinunua kupikia gongo majumbani. Sheria ya mashirika ya umma iliyoanza kutumika Januari 1988 iliwapa mameneja uhuru wa kupandisha mishahara wakati bei zikiwa bado zimefungwa na serikali, na fedha zikajaa mifukoni mwa watu wasiokuwa na cha kununua. Rafu tupu za 1990 na 1991, zinazoonyeshwa kila mara kama ushahidi wa uchumi wa Brezhnev, mmoja wa viongozi waliomtangulia Gorbachev, kwa kiasi kikubwa ni matokeo ya dawa iliyotolewa nusu.

Kwenye kipimo cha waliobaki tawi hili linakwama zaidi. Cuba, Moscow ilipoacha kuisaidia, ilipoteza takribani theluthi ya pato lake kati ya 1989 na 1993, na chama chake hakikuondoka. Korea Kaskazini ilipatwa na njaa iliyoua watu wengi sana katikati ya miaka ya 1990, na utawala ule ule ukaendelea. Kwa upande mwingine, Nicolae Ceaușescu wa Romania aliwanyima wananchi wake chakula, umeme na joto mpaka akamaliza kulipa deni la nje mwaka 1989, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amepinduliwa na kupigwa risasi. Njaa huwachosha watu na huwakasirisha, lakini peke yake haijawahi kukiondoa madarakani chama chenye polisi walio tayari kupiga.

Tawi la pili: chama, bunduki na jamhuri

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji akae zaidi. Ikiwa ana nafasi ya kuichunguza siku moja tu katika historia hii yote, aichukue tarehe 4 Juni 1989, si 9 Novemba, siku ukuta wa Berlin ulipofunguka, inayopendwa na televisheni. Siku hiyo raia wa Poland walipiga kura katika uchaguzi uliotokana na mazungumzo ya meza ya duara kati ya serikali na Solidarity, chama cha wafanyakazi kilichozaliwa Agosti 1980 katika kiwanda cha kuunda meli cha Gdańsk na kufikia wanachama wapatao milioni 10 kabla ya kupigwa marufuku. Baada ya duru ya pili Solidarity ilikuwa imetwaa viti vyote ilivyoruhusiwa kugombea katika bunge la chini na viti 99 kati ya 100 vya seneti. Siku hiyo hiyo, usiku wa kuamkia asubuhi, jeshi la China liliingia katikati ya Beijing kwa vifaru na risasi dhidi ya wanafunzi na wafanyakazi waliokuwa wameshikilia uwanja wa Tiananmen na mitaa iliyouzunguka, na mamia ya watu, kwa makadirio mengine zaidi ya hapo, wakauawa.

Vyama vyote viwili vilikuwa vya kikomunisti. Vyote vilikuwa na jeshi na polisi wa siri, na vyote vilikabiliwa na hasira juu ya bei zinazopanda. Kilichotofautisha ni kwamba kimoja kiliamua kupiga na kingine hakikupiga, na uamuzi huo haukufanywa Washington. Mtetezi wa maelezo ya nje anaweza kudai kwamba China ilibaki kwa sababu haikusukumwa, kwa kuwa tangu ziara ya Richard Nixon ya Februari 1972 Marekani iliiona Beijing kama mshirika dhidi ya Moscow. Dai hilo lingekuwa zito kama si Cuba, iliyo umbali wa takribani kilomita 150 tu kutoka Florida na iliyowekewa vikwazo na Marekani tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Hakuna nchi ya kikomunisti iliyosukumwa kwa muda mrefu na kwa karibu kuliko hiyo, na haikuanguka.

Sasa turudi Ulaya ya Mashariki. Watu wa Berlin Mashariki waliasi mwaka 1953, Wahungari mwaka 1956, na Wachekoslovakia walijaribu kuulainisha ujamaa wao mwaka 1968. Mara zote tatu vifaru vya Kisovieti viliamua shauri. Mwaka 1989 havikuja. Tarehe 7 Desemba 1988 Gorbachev alikuwa ameuambia Umoja wa Mataifa kwamba kila taifa lina haki ya kuchagua njia yake, na akatangaza kupunguza askari 500,000. Mwanzoni si kila mtu alimwamini. Hungary ilimjaribu kwa kuanza kung'oa uzio wa mpaka wake na Austria mwezi Mei 1989, na Septemba ikawaruhusu Wajerumani Mashariki wapite, Moscow ikanyamaza. Bunge la Ujerumani Mashariki lilikuwa limeunga mkono hadharani hatua ya China mwezi Juni, kwa hiyo watu wapatao 70,000 walioandamana Leipzig tarehe 9 Oktoba walikuwa na sababu ya kuhofia yaliyotokea Beijing, na wengine waliwaaga watu wao wakijua huenda wasirudi. Hawakupigwa. Zaidi ya askari 300,000 wa Kisovieti waliokuwa katika ardhi ya Ujerumani Mashariki walibaki kambini. Mwezi mmoja baadaye ukuta uliosimama tangu 13 Agosti 1961 ulifunguka, baada ya msemaji wa chama, Günter Schabowski, kuwaambia waandishi wa habari kwa makosa kwamba ruhusa mpya ya kusafiri inaanza mara moja.

Ujasiri wa watu wale wa Leipzig haupaswi kufutwa na hesabu za bajeti za ulinzi. Ni moja ya sababu zinazonifanya niyaone maelezo ya nje, yanapotumika peke yake, kuwa si haki kwa walioandamana.

Kisha kuna namna ya kuvunjika, ambayo maelezo ya nje na tawi la uchumi yote mawili huipita haraka. Katiba ya Kisovieti ilizitambua jamhuri 15, kila moja ikiwa na mipaka, bunge, serikali na, kwa maandishi, haki ya kujitenga. Haki hiyo ilikuwa karatasi tu kwa muda wote ambao chama kimoja kiliamua kila kitu kutoka Moscow. Gorbachev aliporuhusu uchaguzi wenye ushindani na kukiondoa katika katiba, Machi 1990, kifungu cha 6 kilichokipa chama haki ya pekee ya kuongoza, karatasi ile ikapata uhai. Lithuania ilitangaza uhuru tarehe 11 Machi 1990. Urusi yenyewe ilitangaza mamlaka yake tarehe 12 Juni mwaka huo, na mwaka mmoja kamili baadaye Boris Yeltsin akachaguliwa kuwa rais wake kwa kura za wananchi, jambo ambalo Gorbachev hakuwahi kulithubutu kwa urais wa Umoja wa Kisovieti. Kufikia wakati huo Warusi walikuwa takribani nusu tu ya watu wote wa dola, wakati nchini China watu wa kabila la Han ni zaidi ya asilimia 90 na hakuna jimbo lenye haki ya kujitenga hata kwa maandishi.

Kuna ushahidi mwingine wa jambo hili ambao sioni ukitajwa vya kutosha. Nchi za kikomunisti za Ulaya zilizokuwa shirikisho la jamhuri zilikuwa tatu: Umoja wa Kisovieti, Yugoslavia na Chekoslovakia. Zote tatu zilivunjika, na zote zilivunjika kwa kufuata mipaka ya jamhuri zake. Poland, Hungary, Bulgaria, Romania na Albania zilibadili utawala, lakini ramani zao zilibaki kama zilivyokuwa. Gharama za silaha hazielezi tofauti hiyo, wala rafu tupu haziielezi.

Nguvu haikuachwa kabisa, na msomaji asidanganywe kwamba yote yalikuwa amani. Watu wapatao 20 waliuawa na askari Tbilisi Aprili 1989, zaidi ya 100 Baku Januari 1990, na 14 Vilnius Januari 1991. Kila mara, hata hivyo, mkono ulirudi nyuma baada ya pigo la kwanza. Wazee wa chama, jeshi na idara ya usalama walipojaribu kupindua serikali tarehe 19 Agosti 1991, vifaru viliingia Moscow lakini amri ya kulishambulia jengo la bunge la Urusi haikutekelezwa, na jaribio likafa siku ya tatu, likiwa limegharimu maisha ya vijana watatu.

Pale ambapo maelezo ya nje yanashinda

Yapo mahali ambapo ningewashauri wasomaji wachague maelezo ya nje bila kusita, nayo ni nchi zilizoishi kwa msaada wa Moscow. Najibullah, rais wa Afghanistan, alibaki madarakani Kabul kwa zaidi ya miaka mitatu baada ya askari wa Kisovieti kuondoka, akashindwa kuendelea pale msaada ulipokatwa mwanzoni mwa 1992, na Aprili mwaka huo utawala wake ukaisha. Mengistu Haile Mariam, ambaye Moscow ilimwokoa katika vita vya Ogaden vya 1977 na 1978 baada ya kuigeuka Somalia, alikimbia Ethiopia tarehe 21 Mei 1991, silaha za bure zilipokwisha na waasi walipokuwa karibu na Addis Ababa. Kwa nchi hizi uamuzi ulitoka nje kweli. Ila tuangalie ni nje gani: lililowamaliza si pigo la Marekani peke yake bali kujitoa kwa Moscow, na hilo linaturudisha ndani ya Kremlin.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna mfano wa nyumbani unaoonyesha mipaka ya shinikizo la madola. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na wataalamu wake wakaja kusaidia kujenga maghorofa. Muungano na Tanganyika ulipofanyika Aprili mwaka huo, Ujerumani Magharibi ilimtaka Mwalimu Nyerere aifungie mlango ile nyingine, na alipokubali Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, iliona hata hilo limezidi na mwanzoni mwa 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu akajibu kwamba basi waondoe na msaada uliobaki. Nchi changa na maskini iliweza kulikataa shinikizo la taifa tajiri kwa sababu walioshika serikali walikuwa na nia moja, na kwa dola lenye silaha za nyuklia jambo hilo lilikuwa rahisi zaidi.

Yupi achague lipi

Kwa swali la kwa nini mageuzi yalianza, maelezo ya nje yanafaa na yanapaswa kutangulia. Mzigo wa silaha, kuachwa nyuma kiteknolojia na Afghanistan vilimshawishi Gorbachev na wenzake kwamba haiwezekani kuendelea vile vile. Mwalimu anaweza kuanzia Reykjavík na asikosee.

Kwa swali la kwa nini mageuzi hayo yalimalizikia katika kuvunjika badala ya nafuu, maelezo ya nje hayafai, na tawi la uchumi linafaa kidogo. China ilianza mageuzi Desemba 1978 kwa kuwarudishia wakulima maamuzi ya mashamba, wakati ambapo takribani asilimia 80 ya watu wake waliishi vijijini, ikafungua Shenzhen kwa mitaji ya kigeni mwaka 1980, na chama hakikulegeza kamba hata mara moja. Gorbachev alilegeza siasa kabla uchumi haujampa mtu yeyote sababu ya kumshukuru. Simaanishi kwamba njia ya Deng Xiaoping, kiongozi wa China wakati huo, ilikuwa bora. Gharama yake ililipwa kwa damu, na wazazi wa waliouawa Beijing wamenyimwa hata haki ya kuomboleza hadharani. Ninachosema ni kwamba tofauti kati ya matokeo mawili ilitokana na maamuzi ya wenye madaraka na umbo la dola lenyewe.

Wanaosema kwamba waliobaki ni wale walioshika madaraka kwa bunduki zao wenyewe, kama Wachina, Wavietnam na Wacuba, wana hoja nzuri inayofaa kuongezwa kwenye tawi la pili, mradi wakumbuke kwamba Yugoslavia na Albania nazo zilijikomboa zenyewe na hazikubaki.

Kwa mdahalo, ambako mtu hulazimika kushika upande mmoja, ningechagua tawi la pili na kumwachia mpinzani kazi ya kueleza kiangazi cha 1991. Tarehe 1 Agosti mwaka huo Rais George Bush alisimama mbele ya bunge la Ukraine mjini Kyiv akawaonya wasikilizaji wake juu ya utaifa wa kujiangamiza, kwa kuwa Washington ilimtaka Gorbachev abaki na silaha za nyuklia zibaki chini ya mkono mmoja. Miezi minne baadaye, tarehe 1 Desemba, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wa Ukraine walichagua uhuru, na tarehe 8 viongozi wa Urusi, Ukraine na Belarus walisaini katika msitu wa Belovezha hati ya kuuvunja Umoja wa Kisovieti. Anayechagua maelezo ya nje lazima aeleze kwanza ni vipi dola lilivunjwa na mshindani ambaye, katika miezi yake ya mwisho, alikuwa akiomba lisivunjike.